Korosho mia za gunia moja

Aprili 25, 2019, saa tisa alasiri, Mikindani ilikuwa kimya kama siku ya mazishi ya mtu mkubwa. Shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, na maduka mengi yameteremsha milango nusu, mwenye duka anachungulia tu. Redio ilikuwa haichoki: kimbunga Kenneth kiko baharini, kinakuja upande wetu, waliokaa ufukweni na mabondeni wasogee sehemu za juu. Kitu kilichoendelea kama kawaida ni kijiwe cha kahawa. Birika liko juu ya makaa, kashata ziko kwenye sinia, bao linachezwa.

Tulikuwa watu kumi na wanne. Mjomba wangu, wakati ule ana miaka sitini na minne, alikuwa anapuliza kikombe chake. "Mimi nimezaliwa hapa, nimevua hapa, na babu yangu kavua hapa," alisema. "Kimbunga hakijafika Mikindani. Hao wanasoma karatasi tu." Wa kulia kwake akasema mjomba kasema kweli. Aliyefuata akasema hata yeye hajawahi kusikia. Kijana wa bodaboda akauliza, kama mzee mvuvi hajaona, sisi nani? Neno likazunguka duara zima, kila mmoja akiongeza "na mimi", mpaka likanifikia mimi. Nikanywa kahawa, sikujibu.

Hapo akapita bibi mmoja na mjukuu wake, wamejitwisha furushi na mkeka, wanapanda kwa mwanawe kilimani. Tukamwamkia. Akasimama.

"Marahaba wanangu. Mie mwaka wa hamsini na mbili nilikuwa Lindi, mtoto wa kutumwa maji. Minazi ililala chini kama ukoka uliokanyagwa. Haya, kunyweni kahawa."

Akaenda zake. Watu wakacheka, cheko la adabu, na bao likaendelea.

Alasiri ile hainitoki. Watu kumi na watatu wanaamini hakuna kitu, bibi mmoja anaamini kipo, redio nayo inaamini kipo, na mimi sina chombo cha kupimia upepo wala sijui kusoma picha za setilaiti. Nilichokuwa nacho mkononi ni imani za watu wengine tu. Je, zilikuwa ushahidi? Na kama zilikuwa ushahidi, uzito wake ulikuwa kiasi gani?

Kuna jibu la haraka linalopendwa sana na vijana waliosoma: imani ya mtu siyo ushahidi, nionyeshe jambo lenyewe. Linapendeza masikioni, lakini hakuna anayeishi nalo. Tarehe ya kuzaliwa kwangu niliambiwa. Kwamba kidonge ninachomeza kina dawa ndani yake na si chokaa, nimeambiwa. Sijafika Kigoma, na ninaamini ipo. Mahakamani shahidi akisema "niliambiwa" atakatizwa, na ni sawa, kwa sababu mahakama inaweza kumwita huyo aliyemwambia. Sisi wengine hatuna karani wa kupeleka hati za wito. Mtu akiamini jambo, mara nyingi kuna kitu kilichomfanya aamini, na mimi ninayemsikiliza ninapata chembe ya kitu hicho kupitia kwake. Kazi ni kujua chembe hiyo ina ukubwa gani, na kama sijaihesabu mara mbili.

Mtu wa kusini ana somo la hesabu hii kila msimu, ghalani. Anayepima ubora wa korosho hapasui mzigo wote. Anachota konzi gunia hili, konzi lile, konzi lililo chini ya rundo, konzi la nyuma ambako hakuna aliyetarajia atafika. Anazichanganya, anazikata, anaangalia kokwa: hii nzima, hii imesinyaa, hii ina ukungu. Kwa korosho chache anasema habari ya tani nyingi, na mara nyingi hakosei mbali. Sasa mwambie achote korosho zote hizo kwenye gunia moja la juu, lile ambalo mwenye mzigo amelipanga vizuri kwa kujua litafunguliwa. Idadi ni ileile. Anachokijua ni gunia moja.

Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walilipa kiingilio wakakisia uzito wa ng'ombe atakapokuwa amechinjwa na kutengenezwa. Mwanasayansi Francis Galton alizipata tiketi 787 zilizosomeka akazipanga kwa mfuatano. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Nyama ilipopimwa ilikuwa ratili 1,198. Hawakukosea hata moja kwa mia, na humo walikuwamo wachinjaji na wafugaji, na watu waliokuja kutembea tu. Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama sifa ya umati. Mimi naiona ni sifa ya tiketi. Kila mtu aliandika kisio lake kwenye karatasi yake na kuitumbukiza bila kusikia jirani kasema nini. Aliyezidisha alikutana na aliyepunguza, makosa yakafutana. Wangekaa kwenye duara la kahawa, mchinjaji maarufu akaanza kusema, ungepata kisio moja na viitikio 786.

Waliobuni minada yetu ya korosho walilijua hilo, sijui kwa kusoma au kwa kuibiwa. Kwa miaka mingi chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti, na mzigo unauzwa mnadani, wanunuzi waliandika bei zao wakazitia kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya wakulima. Siku hizi zabuni zinapitia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, lakini shabaha ni ileile: mnunuzi asichungulie karatasi ya mwenzake. Kisha inafika zamu ya wakulima kukubali au kukataa bei, na hapo kanuni inageuka kabisa. Mmoja mwenye sauti anasimama: "Hatuuzi!" Uwanja mzima unaitikia. Sisemi wanakosea, nitarudi hapo. Ninasema tu kwamba siku moja, kwenye uwanja mmoja, unaziona njia mbili za kukusanya imani za watu, moja ya siri na moja ya kelele, na hazina maana moja.

Turudi kijiweni na konzi letu. Watu kumi na watatu: magunia mangapi? Kwa hesabu yangu, moja. Mjomba ndiye aliyesema kitu alichokijua, nacho kilikuwa kwamba katika umri wake hajaona kimbunga Mikindani. Wa kulia kwake aliamini kwa sababu mjomba ameamini. Wa bodaboda alisema wazi kabisa kwamba yeye hana lake. Na kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kawaida kwenye kikao. Baba unaweza kubishana naye. Mjomba akishasema, kikombe kinawekwa chini. Heshima hiyo ina kazi zake, kwenye posa na kwenye mirathi, na sitaki iondoke. Lakini upepo haujui nani mjomba wa nani.

Halafu tazama alichokijua mjomba ni kitu cha aina gani. "Sijaona" ni ushahidi, ila ni ushahidi mwembamba, hasa kwa jambo linaloweza kupita mara moja katika umri wa mtu. Mashekhe wa kwetu wana kanuni ya zamani: mwenye kuthibitisha hutangulizwa mbele ya mwenye kukanusha, kwa kuwa ana elimu ya ziada ambayo mwenzake hana. Bibi wa furushi alikuwa nayo. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi kweli, miaka mitatu kabla mjomba hajazaliwa. Kwa hiyo upande mmoja kulikuwa na vichwa kumi na vitatu vyenye jicho moja lililokuwa halijaona, na upande wa pili kichwa kimoja chenye jicho lililoona. Tukamcheka aliyeona.

Bibi yule alifanya jambo jingine nililolitambua baadaye. Miaka ya 1950, huko Marekani, Solomon Asch aliwaweka watu chumbani na kuwaonyesha mistari, wataje upi unalingana na upi. Wote waliokuwamo isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kusema jibu la uongo. Yule mmoja asiyejua mpango, ambaye macho yake yalikuwa yanaona sawasawa, alifuata uongo wa wenzake karibu mara moja katika kila tatu. Lakini akiwekwa mtu mmoja tu chumbani anayesema kweli, ufuasi ulishuka sana. Kijiweni kwetu, dakika kama tano baada ya bibi kupita, vijana wawili waliinuka. Mmoja alisema anakwenda kuangalia mbuzi. Wa pili hakusema kitu.

Nisiwaonee kijiwe peke yao. Kipimo hichohicho nikiwapelekea waliokuwa upande wa kimbunga, wengi wanaanguka. Redio ilisema, runinga ikasema, kiongozi wa mtaa akapita na kipaza sauti, sauti zikarushwa WhatsApp na watu wa Dar es Salaam wakapiga simu kutuombea. Nilipokuwa nazihesabu zote hizo kama mashahidi nilikuwa ninajidanganya, maana wote walichota kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vipaza sauti ishirini, neno moja. Tofauti iko ndani ya gunia lenyewe. La Mamlaka lilikuwa limejazwa kutoka sehemu nyingi: picha za setilaiti, hesabu za kompyuta zilizofanywa na vituo mbalimbali, taarifa za kituo cha Wafaransa kisiwani Réunion kinachofuatilia vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi. Gunia la mjomba lilikuwa na macho ya mjomba. Kwa hiyo hata kuhesabu magunia hakutoshi; inabidi uulize kila gunia limejazwaje. Hapo ndipo heshima ya mtaalamu inapotoka, na inatoka hapo tu. Suti na kipaza sauti haviongezi gramu.

Jioni ile Kenneth kilitua Cabo Delgado, kusini ya Mto Ruvuma, na upepo wa kilomita 220 kwa saa. Msumbiji ilizika watu zaidi ya 40, na nchi ile ilikuwa haijamaliza hata kuomboleza waliokufa kwa kimbunga Idai mwezi mmoja nyuma. Mtwara tukapata mawingu na upepo wa kawaida. Kesho yake kijiweni mjomba alikuwa mfalme. "Tuliwaambia!" Na mwaka mzima mtu akitaja utabiri wa hali ya hewa anajibiwa kwa jina moja: Kenneth.

Hapa ndipo ninapokosana na wengi wa rafiki zangu. Mjomba alipatia, lakini hakuwa na haki ya kuwa na hakika ile. Mtu anayerusha shilingi akasema "mwenge" na ukatoka mwenge hajui zaidi ya wewe. Na Mamlaka haikukosea sana kama tunavyopenda kusema: ilisema kinakuja upande huu, kikaja upande huu, kikapita ng'ambo ya mto. Kwa kimbunga chenye upana wa wilaya kadhaa hilo ni kosa dogo. Wazee wa Cabo Delgado nao walikuwa na vijiwe vyao, na sidhani kama walikosa mjomba wa kusema hakijawahi kuja. Mei 2024 kikaja Hidaya. Kilikuwa kimedhoofika kilipofika nchi kavu, lakini mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Kilwa, na mabasi yakalala njiani. Nimesikia watu waliokwama huko wakilaumu kwamba hawakuonywa vya kutosha. Wengine ni walewale wa Kenneth.

Jambo moja la mjomba sijalisema. Jioni ile ya 2019, nilipokuwa ninamsindikiza nyumbani, tulipita ufukweni. Maji yalikuwa yanaelekea kuwa mafu, bahari tulivu. Mitumbwi mingi ilikuwa pale pale inapoachwa kila siku. Wa kwake haukuwapo. Ulikuwa juu kabisa, chini ya mkwaju, umepinduliwa, umefungwa kamba mbili, na makasia yamewekwa ndani ya uvungu wake. Nikamuuliza, mjomba, si ulisema hakuna kitu? Akasema, "Kamba ni zangu." Tangu siku ile nikitaka kujua mtu anaamini nini huwa natazama kwanza kamba zake. Kijiweni maneno ni bure, na chochote kilicho bure hutolewa kwa wingi. Laiti wale kumi na wawili wangeuliza mtumbwi wa mjomba uko wapi, wangepata ushahidi tofauti na ule waliouitikia.

Msomaji anaweza kudhani ninawapigia debe wataalamu dhidi ya vijiwe. Basi twende Nachingwea. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma watu watatu, kiongozi wao John Wakefield, waje kutazama kama karanga zinaweza kulimwa hapa kwa matrekta. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Ripoti yao ilisema ndiyo, ekari zaidi ya milioni tatu, Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini zikijumlishwa. Waziri akaiamini ripoti, baraza la mawaziri likamwamini waziri, bunge likaliamini baraza, magazeti yakaliamini bunge. London nzima ilikuwa inajua kwamba Tanganyika itatoa mafuta ya kupikia. Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000 kule Kongwa, hazikufika 10,000. Udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka sakafu, na mvua ya Ugogo ikafanya vile inavyofanya siku zote, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaambia bila kupanda ndege. Huku kwetu ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kubeba karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 mradi ukafutwa, paundi milioni 36 zimekwenda. Reli yenyewe ilikufa miaka ya 1960. Bandari, tunashukuru, bado tunaitumia.

Waheshimiwa wote wale walikuwa kijiwe. Walivaa tai, lakini lilikuwa duara la kahawa: mmoja kasema, wengine "na mimi". Na imani za watu waliolima ardhi ile vizazi na vizazi hazikuingizwa hata kama konzi moja kati ya mia. Kosa la kuhesabu vichwa lina ndugu yake pacha, nalo ni kuchagua vichwa vya kuhesabu.

Lakini imani ya mwenyeji nayo usiichukue nzima nzima kama ilivyofungwa. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, sehemu kubwa mikoa ya kusini na pwani, Lindi ikiwamo. Nina ndugu vijiji vya ndani ya Lindi, na miaka ile walikuwa na hakika kwamba si simba wa kawaida: ni simba wa kutumwa. Mnyama wa porini, walisema, hachagui nyumba, hamfuati mtu hadi kwenye dungu lake shambani na kumpita mbuzi. Msomi wa mjini akisikia "wa kutumwa" anafunga daftari. Hasara ni yake. Ukiyatenganisha waliyoyaona na waliyoyaelezea, unabaki na mali safi: mashambulizi mengi ni msimu wa mavuno, mengi ni shambani usiku, na watu wanalala huko kwa sababu ya nguruwe pori wanaomaliza mazao. Watafiti walipokuja kuchora takwimu mwaka 2005 walikuta hayohayo. Mashambulizi yalipanda Machi hadi Mei, na yalikuwa mengi palipo na nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache. Simba alimfuata nguruwe, nguruwe alifuata mazao, na mkulima alikuwa amelala katikati yao juu ya miti minne na makuti. Imani ya ndugu zangu ilikuwa ushahidi mzito sana, ila haikuwa ushahidi wa uchawi. Ilikuwa ushahidi wa kile kilichoizaa.

Niliahidi kurudi kwa wakulima na "hatuuzi" yao. Oktoba 2018, Newala na Tandahimba, walikataa bei za mnada wa kwanza. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imevuka 4,000 kwa kilo, na kila mtu aliamini kila mtu anaamini korosho ni zaidi ya ile iliyosomwa. Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300. Yaliyofuata kuhusu malipo ni makala nyingine, na yataniharibia siku. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba pale imani ya wengi haikuwa kipimo cha bei. Ilikuwa mkono unaoisukuma. Bei inasikia watu. Kimbunga hakisikii. Ukiulizwa imani za wengine zina uzito gani, uliza kwanza jambo lenyewe lina masikio au halina.

Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, Nandete, ambako leo ni Wilaya ya Kilwa, Julai 1905, kwa kung'oa pamba ya Wajerumani. Habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilikuwa zimekwenda kwa kunong'onezana, wenyewe waliita njwiywila, na kila kabila lililojiunga likawa ushahidi kwa lililofuata. Chanzo kimoja, vichwa maelfu. Kama swali lilikuwa risasi zitageuka maji, risasi hazina masikio, na maelfu walikufa kwa hesabu hiyo mbaya. Ila kulikuwa na swali la pili ndani yake: je, tukiinuka, wenzetu watainuka? Hilo lina masikio, na imani ya wengine ndiyo jibu lake. Kinjikitile alinyongwa Agosti 4 mwaka huohuo, vita vikaendelea hadi 1907. Sijui kama mtu aliyesimama kwenye mstari wa kunyunyiziwa maji angeweza kuyatenganisha maswali yale mawili. Mimi nisingeweza.

Niseme langu pia, maana ni rahisi kupima magunia ya wengine. Ujanani nilikuwa karani kwenye ghala la chama kimoja cha msingi. Siku moja mimi na mwenzangu tulijumlisha mzigo mmoja, kila mtu kwenye daftari lake. Mimi nikapata kilo 612, yeye 621. Tulibishana robo saa. Hoja yangu, nikiikumbuka leo, ilikuwa kwamba mimi nimehesabu vizuri; ushahidi wa kwamba nimehesabu vizuri ulikuwa kwamba ni mimi. Yeye alikuwa na miaka mingi kazini kuliko mimi, macho mazima, na daftari safi. Mzigo ukarudishwa kwenye mizani. Kilo 621. Nilikuwa nimegeuza tarakimu. Mtu mwenye akili kama yako, aliyeona ulichokiona, akipata jibu jingine, imani yako haiwi nzito kwa sababu inakaa kichwani mwako. Ni konzi moja, na ni konzi unalolipendelea.

Mwaka juzi, jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaaban, tulikwenda kutazama mwezi. Kwetu mwezi hauandami baharini. Bahari iko mashariki. Unaandama bara, juu ya mikorosho, ndiyo maana watu hukusanyika kwenye uwanja wa mpira wakiwa wameipa bahari mgongo. Kwa madhehebu ya Shafii, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuingia Ramadhani. Kufungua wanatakiwa wawili. Na Taqiyuddin al-Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo aliyefariki 1355, aliona kwamba hesabu ya nyota ikionyesha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa waliouona haupokelewi. Bwana mmoja mbele yetu akanyoosha kidole: "Ule pale! Juu ya tawi lililopinda!" Kimya kidogo, kisha mmoja akauona, wa pili akauona, uwanja ukaanza takbira.

Shekhe hakupiga takbira. Aliwaita mmoja mmoja, kando, karibu na nguzo ya goli, akawauliza kwa sauti ya chini: pembe zilielekea wapi? Ulikuwa juu ya mti gani? Ulikaa muda gani? Wa kwanza akajibu. Wa pili akasita kwenye pembe. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilifungua mdomo kusema nimeuona, nikakumbuka kwamba muda wote ule nilichokuwa nimekikazia macho ni kidole cha yule bwana. Nikamwambia shekhe asinihesabu.